Kengele Ikilia, Nenda Kwenu

Siku ile, mwanangu, nnaikumbuka kuliko nnavyoikumbuka jana. Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali, na mimi nimesimama mlangoni mwa ofisi ya skuli moja ya kusini, ukishaupita msitu wa Jozani, nikipokea funguo kutoka mkononi mwa mtu niliyemng'oa pale kwa barua yangu mwenyewe. Alikuwa rika la baba yangu. Alinipa zile funguo kwa mkono wa kulia, kwa adabu zake zote, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Na maneno aliyoniambia pale mlangoni ndiyo nnayotaka kukupa leo wewe uliyeanza ualimu juzi, kwa sababu mimi nilipewa bure, nikayaweka, na sikuyatoa mpaka nywele zilipokwisha kuwa nyeupe.

Nivumilie nikienda polepole. Magoti yananiuma, na sauti ilinikauka zamani mbele ya ubao. Mtu mzima akichoka haongezi maneno, hupunguza. Lakini haya nikiyapunguza sana hutayaelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nimezaliwa mjini, mtaa wa Ng'ambo, nimesoma Ng'ambo, chuo cha ualimu nimemaliza miongoni mwa wale wa mwanzo kwa alama, na nilikuwa nnajijua hivyo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikatia maji mpaka yakafurika. Nikapangiwa kijiji hicho cha kusini, watu wanazungumza Kikae chao, lugha ambayo mwanzo sikuishika hata nusu. Nikapata chumba kwa Bi Tatu, mama mjane aliyekuwa akilima mwani pwani pamoja na binti yake Kazija, ambaye wakati ule yuko darasa la saba.

Mwalimu Mkuu wetu akiitwa Mwalimu Makame. Alikuwa mfupi, sauti yake ndogo, lakini akiingia darasani watoto hunyamaza bila ya kuambiwa. Asubuhi yeye ndiye wa mwanzo kufika. Wakati wa mapumziko, sisi tunakunywa uji na kupiga soga, yeye kainama juu ya madaftari anasahihisha. Daftari hakulichukua nyumbani hata siku moja. Na saa saba kengele ikishalia, Mwalimu Makame alikuwa hana tena skuli. Alikwenda kwenye tangi la maji, akanawa chaki mpaka kwenye viwiko, akafunga ofisi, akenda kwao. Akala na mkewe, Bi Mosi, na watoto wao. Akajinyoosha kidogo. Kisha akachukua jembe akenda kwenye mihogo yake, kule kwenye ardhi ya mawe mawe ambako kupata shimo la kupandia ni kazi yenyewe. Ukimfuata shambani ukamuuliza jambo la skuli, hucheka, akakwambia, "Skuli imelala saa hizi, mwalimu. Na wewe iache ilale."

Mimi nikamwona mvivu. Sikumwona mvivu kidogo, mwanangu; nilimdharau hasa. Nilisema moyoni, hawa ndio wazee wanaoturudisha nyuma, kazi ya taifa wanaifanya kama kibarua. Sisi vijana wa wakati ule tulikuwa na moto. Leo nyinyi vijana mnasemwa kwamba hamna moto, na wanaokusemeni ni sisi. Mambo huzunguka hivyo.

Basi nikaanzisha darasa la jioni. Watoto wa darasa la saba nikawaambia, nendeni mkale, saa nane nataka kila mtu awe hapa. Nikawasomesha mpaka jua linakuchwa. Chuoni kwa maalim wao wa Kurani wakawa hawaonekani. Pwani mama zao wakawa wanavuna mwani peke yao, maji yakishakupwa na kwenda mbali, migongo inawavunjika. Mimi sikuyaona hayo. Nilikuwa naona alama tu.

Siku moja tumekaa uani na Bi Tatu, anapara samaki, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mtoto unanisomeshea, Mungu atakulipa. Lakini na mimi nnamtaka kidogo."

Nikamjibu, "Bi Tatu, mwani utamngoja. Mtihani haumngoji."

Aliendelea na samaki wake. Nilidhani nimemshinda kwa hoja, kumbe alininyamazia kama unavyomnyamazia mtoto wa watu aliyekaa kwako.

Nafikiri yeye au mama mwengine alikwenda kwa Mwalimu Makame, kwani haikupita wiki akaniita. Alinikaribisha kiti, akanipa na maji.

"Mwalimu Zuhura," akasema, "nguvu unazo, na watoto wanakupenda. Lakini watoto wa watu waache wende kwao. Na wewe ukitoka hapa nenda kwenu."

"Kwetu Ng'ambo, Mwalimu," nikamjibu kwa jeuri. "Hapa mimi sina kwetu."

"Basi katafute."

Nikamtolea methali, maana nilijua nyingi. "Mchumia juani hulia kivulini, Mwalimu."

Akaitika kwa kichwa. "Kweli kabisa. Wewe kivulini utakaa lini?"

Kijana mwenye kiburi akikosa jawabu hutafuta silaha. Silaha yangu ilikuwa kalamu. Jioni ile ile nikaiandikia ofisi ya elimu kwamba Mwalimu Mkuu anaiacha skuli mchana na kwenda kulima, na kwamba mzigo wote wa darasa la saba umeniangukia mimi. Mwanangu, la kwanza lilikuwa kweli iliyopindwa. La pili lilikuwa uongo mtupu. Mzigo ule haukuniangukia. Niliuokota mwenyewe, tena nikiangalia huku na huku kama watu wananiona.

Mkaguzi akaja bila ya taarifa, saa tisa mchana. Akanikuta mimi na watoto, vumbi la chaki mpaka kwenye mtandio. Akauliza Mwalimu Mkuu yuko wapi. Watoto, ambao hawajui kusema uongo, wakasema yuko shamba. Mkaguzi akaandika. Hakuuliza kengele ililia saa ngapi, na mimi sikumwambia.

Mwezi haukwisha, barua ya uhamisho ikaja. Mwalimu Makame akapelekwa skuli moja huko kaskazini, mwisho wa kisiwa, na mimi nikaambiwa nikaimu. Mkewe na watoto hawakuweza kufuata. Pale kusini walikuwa na wazee wao, na shamba. Ndiyo ikaja asubuhi ile ya funguo. Bi Mosi alisimama upande wa pili wa uwanja na begi la nguo za mumewe. Hakuniangalia.

Mwalimu Makame akaniambia, "Barua yako wamenionesha. Hati yako nzuri. Ningekuwa nnaisahihisha ningekupa alama za juu, ila neno moja ningelipigia mstari mwekundu. Umeandika kwamba mimi naiacha skuli. Siiachi, mwanangu. Naifunga. Kilichofungwa kesho hufunguliwa. Wewe huifungi. Utaibeba kichwani, ule nayo, ulale nayo, na siku utakapotaka kuitua humwoni wa kukutua."

Akafungasha maneno yake, akavuka uwanja, akalipokea begi lake kwa mkewe, akenda zake. Hakunitukana. Angenitukana ningepumua.

Hapa kila nikiwasimulia watu hunikatisha. Hunambia, kumbe yule mzee alikuwa na mgonjwa? Kumbe Bi Mosi alikuwa hawezi? Wanataka kuwe na sababu, ili wamhurumie. Hapana. Mwalimu Makame alikuwa mzima, mkewe mzima, watoto wao wanacheza. Alikuwa anakwenda kwao kula na watu wake, kujinyoosha na kulima mihogo. Hakukuwa na jengine. Na mimi kwa hilo tu nikamtenganisha na nyumba yake miaka miwili mizima.

Sitakudanganya kuhusu matokeo. Mwaka ule watoto walifaulu, tena vizuri, na Kazija wa Bi Tatu akachaguliwa kwenda kusoma mjini. Nikasifiwa mbele ya watu. Lakini mwaka wa pili walimu watatu waliokuwa chini yangu waliomba uhamisho. Nikasema hawana wito. Neno hilo, wito, nimelitembeza kama bakora kwa miaka thelathini. Na nilipohamishwa mimi kurudi mjini, lile darasa la jioni halikumaliza hata wiki, maana lilisimama juu ya mgongo wa mtu mmoja, na mgongo umeondoka.

Nikaolewa na Othman, fundi cherehani, mtu mtaratibu asiyependa makelele. Tukajenga Mpendae, huko huko mjini. Tukajaaliwa mtoto mmoja, Haji. Nikawa mwalimu mkuu wa skuli moja ya mjini, kisha ya pili, na kila ninapokwenda nakuta imelegea na naiacha imekaza. Alfajiri nimetoka, magharibi nimerudi na pakacha la madaftari. Zikija siku za mitihani tunaweka kambi, wanafunzi wanalala skuli wanadurusu, na mimi ndiye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Othman hakunizuia. Alijifunza kupika. Alijifunza kula bila ya mimi. Watu wakimwambia, mkeo hodari, akiitikia, "Hodari, kweli."

Haji alipotimiza miaka kumi alihitimu msahafu. Unajua jambo hilo lilivyo kwa mtoto. Maalim wake akaweka siku, Jumapili, watoto wavae kanzu nyeupe, wasome mbele ya wazee wao, kisha watu wale. Ikasadifu mimi niko kambini. Nikamwambia Othman, waanzeni, mimi saa nne niko hapo. Saa nne nikawa nashughulika na mwanafunzi aliyepoteza namba yake ya mtihani. Saa tano nikasema dakika kumi tu. Nilipofika nyumbani, wanawake wanaosha masinia uani.

Haji alikuwa amekaa kwenye mkeka, kofia bado kichwani, marashi waliyommwagia bado yananukia. Akainuka, akanipa mkono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Wanawake wakacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia, "Marahaba, mwanangu," nikaingia chumbani, nikafunga mlango.

Hakunifanyia kiburi, mwanangu. Alikuwa mtoto mdogo. Aliniita jina alilowasikia watu wote wakiniita. Nyumbani hakupata nafasi ya kulizoea jengine. Jumatatu yake nilirudi kambini kama kawaida. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikilikumbuka: kwamba nililia, nikanawa uso, na asubuhi nikarudi pale pale.

Haji sasa ni mtu mzima, anafanya kazi bara, ana mke na watoto. Sikukuu hunipigia simu. Ananiuliza afya, ananiombea dua, adabu zake kamili. Kisha anamtaka baba yake. Mimi naipeleka simu, narudi jikoni, na kutoka kule barazani nasikia wanavyocheka.

Nilibakisha miaka mitatu nistaafu alipoletwa Salma. Binti wa miaka ishirini na tano, mwembamba, msafi, anasomesha hisabati. Saa zake za kuingia hakosi. Lakini saa za kutoka nazo hakosi. Kengele ikilia, akishamaliza na watoto, anapanga madaftari kabatini, anachukua mkoba, "Kwaherini walimu," keshaondoka. Na wakati huo yameshakuja haya makundi ya simu. Mimi niliipenda ile simu kama mtu aliyepewa kengele ya kutembea nayo. Watu wametoka kuswali isha, mimi natuma ujumbe: nani hajajaza fomu, nani hajaleta maandalio ya somo. Jumapili asubuhi natuma. Walimu wa rika langu wakijibu hapo hapo, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Vijana wengine wakijibu kwa kuchelewa, wakitoa udhuru. Salma akijibu siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, kwa heshima, na jibu lake liko sawasawa.

Ilinikera kuliko nnavyoweza kukueleza. Kwenye kikao cha walimu nikasema, mbele ya watu wote, "Sisi walimu wa zamani tukiisikia kengele ya kuingia. Nyinyi wa siku hizi mnaisikia ya kutokea tu." Watu wakacheka, cheko la kuogopa mkubwa. Salma aliangalia mikono yake. Wote walijua nnamsema nani.

Kikao kilipokwisha nikamwita ofisini.

"Naam, Mwalimu," akaja akasimama.

Nikataka kumpa njia ya heshima ya kutokea. Nikamuuliza, "Salma, una mgonjwa nyumbani?"

"Hapana, Mwalimu. Alhamdulillahi, wote wazima."

"Una mtoto mdogo?"

"Sijaolewa bado."

"Una biashara, labda? Sema, sitokufanya kitu."

"Sina, Mwalimu."

"Sasa kila siku unakimbilia nini?"

"Sikimbilii, Mwalimu. Nnakwenda nyumbani. Tunapika na mama, tunakula, tunazungumza. Siku nyengine jioni tunakwenda Forodhani kupunga upepo. Asubuhi nikija huwa na hamu ya kuwaona watoto." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama yangu alikuwa mwalimu. Sasa hivi, keshastaafu, ndiyo kwanza nnaanza kumjua."

Nilimwambia aende. Nilikaa pale nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ya nani. Nikenda kwenye kabati lake, nikafungua madaftari, nikitafuta kosa. Yote yamesahihishwa. Pembezoni kamwandikia kila mtoto neno moja, hapa umekosea hivi, hapa umejitahidi. Madaftari yangu mimi siku hizo nilikuwa natia alama ya vema huku nasinzia.

Nikasema, hebu na mimi leo niende kwetu. Kengele ikalia, nikachukua mkoba. Bawabu akaniuliza kama nnakwenda wizarani.

Nilifika Mpendae saa saba na nusu. Othman amekaa barazani, cherehani yake mbele yake, anapachika vifungo. Aliponiona nakuja, akainuka kwa haraka mpaka kitambaa kikamdondoka. Akanitazama usoni.

"Nani kafa?" akaniuliza.

"Hajafa mtu," nikamwambia. "Nimekuja nyumbani."

Hakuamini. Aliniuliza mara ya pili, kama nimepewa habari njiani na sasa nnamficha. Mwisho akakaa. Akanipa nafasi kwenye mkeka, tukala wali na mchuzi aliopika yeye. Na baada ya kula, mwanangu, hatukuwa na la kuzungumza. Akapita mwanamke mmoja akatuamkia, akamuuliza Othman hali ya kifua chake. Mimi sikujua kama Othman ana kifua. Nikamuuliza yule ni nani. Akaniambia, "Jirani yetu. Nyumba ya tatu ile. Mwaka wa kumi na sita huu." Alisema hivyo bila ya kunilaumu, kama anavyomwelekeza mgeni njia.

Wiki ya pili, kwenye kikao, nikamwomba radhi Salma mbele ya wale wale waliocheka. Maneno yalinitoka kwa taabu. Nikasema pia kwamba ujumbe wa skuli utakuwa wa saa za kazi tu. Vijana walitazamana. Wenzangu wa rika langu hawakupenda, mmoja, tuliyeanza kazi pamoja, akaninong'oneza, "Umelainika, Bi Zuhura. Sisi tulivunjika migongo, hawa wapewe mteremko?" Nilimwelewa. Mtu aliyebeba mzigo mzito hapendi kuambiwa kwamba ungeweza kugawanywa. Lakini kwamba mgongo wangu umevunjika si sababu ya kuuvunja wa mwenzangu.

Nilipostaafu nilikwenda kusini. Niliulizia, nikaambiwa Mwalimu Makame yuko hai. Nikamkuta kakaa kwenye kibao mlangoni kwake, anamenya muhogo. Mkongwe, ngozi imelegea, macho hayaoni mbali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akasikiliza. "Zuhura wa Ng'ambo."

Magoti yangu haya haya nikayakunja nikakaa chini. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ile barua. Akaumenya muhogo wake mpaka ukaisha, akautia majini.

"Kaskazini nako nililima," akasema. "Viazi vya kule vitamu. Kengele ikilia, mimi huyo. Hawakuniandikia barua." Akacheka peke yake. Kisha cheko likaisha. "Radhi nimekupa siku nyingi. Lakini Bi Mosi keshatangulia, mwaka wa nne sasa. Tumekaa pamoja umri mrefu, na nikikaa hapa naukumbuka wote, siku kwa siku. Nikifika kwenye ile miaka miwili nakuta patupu. Sikulaumu. Nnakwambia kwa sababu umekuja mwenyewe. Hata ungeweza kunirejeshea leo, ningeitia wapi?"

Akanisogezea kisu cha pili. Tukamenya wote wawili, mpaka mjukuu wake akaja kuchukua sufuria, tukala, nikaaga. Majuto ni mjukuu, wanasema wahenga. Wangu mimi nnaye nyumbani, nnaamka naye na nnalala naye.

Sasa nakwambia wazi, mwanangu, maana nshachoka kufumba. Ualimu ni amana. Ukiwa darasani uwe darasani wewe mzima. Nawaona baadhi yenu kengele ya kutoka haijalia na nyinyi mmeshatoka zamani, macho yako kwenye simu chini ya meza. Hilo usiliite kupumzika, hilo ni kumnyima mtoto haki yake. Na mtoto akikushika nguo mlangoni ana swali lake, mjibu kwanza, nyumba yako haitohama. Zipo pia siku za dharura, na siku hizo kaa bila ya kununa. Lakini siku si zote za dharura, na mkubwa anayezifanya zote kuwa hivyo ana lake moyoni analolikimbia. Najua, kwa kuwa nilikuwa mimi.

Kengele ikilia, nenda kwenu. Usitafute mgonjwa wa kumtaja ndipo uone una haki ya kwenda. Kula na watu wako ni sababu tosha. Kumsikiliza mama yako anarudia hadithi uliyoisikia mara mia ni sababu tosha. Hata kujilaza tu ukatazama dari ni sababu. Nyumba nayo ni amana, na haina mkaguzi wa kuja kukushitukiza saa tisa mchana. Ukiipoteza hutoandikiwa barua, utajua siku umerudi na kila mtu ameshazoea usiwepo. Na siku ukipewa funguo za skuli, ukamwona kijana anachukua mkoba wake na kazi yake kaimaliza, mwitikie kwaheri yake. Usimuulize anakwenda kufanya nini.

Mimi na Othman tunajifunza kuzungumza, uzeeni. Kuna siku tunapata la kusema, kuna siku tunasikiliza redio. Asubuhi ananisimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, na mimi nauliza maswali kama mwanafunzi mgeni. Haji hajabadilika. Simfanyii haraka, haki yangu kwake niliitumia kwa watoto wa wenzangu, na hao wengi hawanikumbuki.

Mola akujaalie ilimu yenye manufaa, na wanafunzi watakaokuombea dua na wewe hujui. Akulinde sauti yako na mgongo wako. Akupe wakubwa wenye huruma, na ukiwa mkubwa akupe huruma wewe. Akutie baraka katika saa zako za kazi zikutoshe, na katika saa za nyumbani zisikupite. Na akufikishe uzeeni, wewe na unaowapenda, mkiwa bado mna mengi ya kuambiana. Amin, ya Rabbi.

Haya, mwanangu, simama. Mimi nitajinyoosha kidogo, na wewe kwenu wanakungoja.